Tatu Hazijagongwa

Siku Mbizi alipotoka majini, mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni anapaa perege. Ilikuwa Jumapili, saa za chakula cha mchana. Ukumbi ulijaa, magamba yalikuwa yamemrukia yule mama mpaka kwenye nyusi, na mpishi alikuwa ameshalalamika kwamba mafuta yanaungua na samaki hawaji. Mfuniko wa sakafuni ukanyanyuka. Mbizi akatokeza kichwa, akaweka viwiko juu ya mbao, akajivuta, akasimama. Alivaa kaptura ileile na fulana ileile. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyekaa majini kupita kiasi, na kweli alikuwa amekaa majini kupita kiasi, tangu mvua kubwa zilipopamba moto mpaka wiki hiyo zilipokatika.

"Habari za kazi," akawaambia waliokuwamo.

"Nzuri," akajibu mpishi. "Ila pita pembeni. Hapo nimeshapiga deki."

Mbizi akapita pembeni. Akaingia ukumbini, akavuta kiti kwenye meza ya dirishani, akaagiza samaki.

Afadhali kwanza ielezwe kazi aliyokuwa akiifanya, maana asiyeijua kazi ile hawezi kuujua ubaya wake. Kwenye ukingo wa mto ule kuna hoteli tatu, na zote tatu zimeandika kwenye mabango yao "Vyakula vya Baharini." Bahari yenyewe iko mbali, na wenyeji wengi watakufa bila kuiona. Lakini mtu aliyevaa shati la kupigwa pasi, akatoka na mke na watoto kwenda kula hotelini, hataki kuambiwa kwamba anakula kambare yuleyule aliyemwona kwenye beseni la jirani. Kwa hiyo kambare akishavuka kizingiti cha hoteli huwa wa baharini, na anapikwa kwa heshima hiyo. Hakuna anayeuita uongo. Wakubwa wa mji wenyewe hula pale.

Hoteli ya Tajiri ndiyo iliyowazidi wenzake ujanja. Ilijengwa juu ya nguzo, mto ukipita chini yake, na chini ya sakafu kukafungwa kizimba cha nyavu kilichojaa samaki wazima. Katikati ya ukumbi aliweka kioo kinene, na taa chini yake. Mteja husimama juu ya kioo, akatazama samaki wakipita chini ya viatu vyake, akanyoosha kidole. "Yule." Tajiri mwenyewe huwa pembeni na fimbo. Akigonga moja, mzamiaji aliye chini humkamata samaki aliye chini ya ncha ya fimbo. Akigonga mbili, maana yake mteja kaghairi, mwachie huyo. Akigonga tatu, kazi imekwisha, toka naye. Mzamiaji hutokea kwenye mfuniko wa jikoni, humkabidhi samaki mpaaji, huvuta pumzi na kungoja mteja mwingine.

Sheria ilikuwa moja tu: hakuna kutoka kabla ya tatu. Anayetoka mapema huchafua maji, samaki hutawanyika, na mteja huishia kuona kisigino cha mtu mahali alipotarajia chakula. Waliomtangulia Mbizi walifukuzwa kwa kosa hilo. Mbizi hakufukuzwa, kwa kuwa alikuwa na pumzi ya ajabu na utii uliozidi pumzi. Tajiri alikuwa akiwaambia wateja, "Huyu hata nikimsahau, hatoki," nao walikuwa wakicheka.

Mkewe ndiye aliyekuwa mpaaji. Walimwita Mama Kisu, kwa kazi yake na kidogo kwa ulimi wake. Kwa muda mrefu ndoa yao ilikuwa pale kwenye mfuniko: Mbizi anatokeza na samaki, anamnong'oneza neno la kumchekesha, anazama tena. Wengine hupata faragha kubwa zaidi, wakaitumia kugombana.

Siku ya mkasa mto ulikuwa umefura hadi kugusa mbao za sakafu. Chini ya ukumbi hakukubaki hata upenyo wa kupitisha pua. Mwenyekiti wa mji akaingia na wageni wake wa heshima, akasimama juu ya kioo, akanyoosha kidole. Moja. Wageni wakamsifu. Akasema hapana, yule mnene. Mbili, kisha moja. Akasema hapana, huyo naye ana macho ya unafiki. Wageni wakaangua kicheko, na mwenyekiti akanogewa. Mtu anayechekewa na wageni wake hana haraka ya kumaliza. Mbili, moja. Mbili, moja. Kule chini Mbizi alikamata na kuachia, alikamata na kuachia. Mwishowe mwenyekiti akajikuna kitambi, akasema, "Aa, bwana wee. Nipatieni kuku."

Tajiri akaiegemeza fimbo ukutani, akaenda jikoni mwenyewe kwa kumheshimu mgeni. Alimkuta Mama Kisu amepiga magoti kwenye mfuniko.

"Kuku mzima," akamwambia mpishi. "Wa kukaanga."

"Tajiri," akauliza Mama Kisu, "umegonga tatu?"

"Punguza sauti. Kuna wageni."

Mama Kisu akakamata kisu, akagonga sakafu kwa mpini, moja, mbili, tatu, akarudia na kurudia. Akatia mkono majini mpaka bega. Hakuna kilichoushika. Nyuma yake kuku alikuwa ameshaingia kwenye mafuta.

Mto ulipotulia kidogo walitazama. Kizimba kilikuwa hakina mtu, na wavu umefumuka upande wa mkondo. Tajiri akasema mambo ni wazi: mtu kafumua wavu, kakimbia. Kabla ya juma kuisha mji mzima ulijua kwamba Mbizi ana mwanamke ng'ambo ya mto, na waliokuwa na habari kamili walijua mpaka rangi ya mwanamke huyo. Mamamkwe alisema mwanawe kakimbia ulimi wa mkewe. Mama Kisu hakufiwa wala hakuachwa. Alirudi kupaa samaki, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, na kwa kuwa mfuniko ulikuwa pale.

Ndiyo sababu Mbizi alipoketi meza ya dirishani, aliyefurahi kuliko wote alikuwa Tajiri.

"Si nilisema?" alipaza sauti ukumbi mzima umsikie. "Mtu wenu huyo hapo! Mzima kama ng'ombe!"

Akamletea samaki kwa mkono wake. Mbizi akala. Maji yalikuwa yakimtoka kwenye kola na mikononi, yakachuruzika chini ya kiti, na mhudumu akaja akaweka beseni. Familia ya meza ya pili walisogeza viatu. Mama mmoja aliomba afungiwe dirisha, akidhani baridi inatoka nje.

Mama Kisu alifuta mikono, akaenda akaketi mbele ya mumewe.

"Wanasema ulikuwa ng'ambo," alimwambia.

"Ng'ambo nitafikaje? Tatu hazijagongwa."

"Niligonga mimi. Kwa mpini wa kisu."

Mbizi akaacha kutafuna. "Zile nilizisikia," alisema taratibu. "Nikadhani unakata mifupa."

Mama Kisu aliumia. Aliumia mahali ambapo tangu siku ile alidhani pameshakufa ganzi. Aliivuta sahani, akaanza kumtolea miiba kama alivyozoea kumtolea nyumbani, maana Mbizi, pamoja na ujuzi wake wote wa samaki, alikuwa mtu wa kukwamwa na miiba.

"Twende nyumbani basi."

"Niko kazini, mke wangu."

"Umekufa, baba."

"Najua nimekufa. Lakini nimefia kazini, na kazi haijaisha." Akachukua tonge. "Mwambie Tajiri agonge tatu. Akizigonga nitajua nimeruhusiwa. Nitalala, mtanizika."

"Nikigonga mimi je? Fimbo ileile, kioo kilekile?"

"Mkono wako naujua," alisema Mbizi kwa upole. "Wewe hata ukigonga mbingu nitadhani unakata mifupa."

Alipomaliza kula alishukuru, akarudi jikoni akipita pembeni, akashuka, akavuta mfuniko juu ya kichwa chake.

Mama Kisu alimfuata Tajiri. Alimweleza yote bila ulimi wake wa kawaida, kwa sauti ya kuomba. Tajiri alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kukatiza watu.

"Mama Kisu, wewe ni mtu wangu wa siku nyingi," alisema. "Lakini fikiria na wewe. Nikigonga leo, watu watauliza mbona sikugonga siku ile. Na nimgongee nani? Marehemu? Marehemu gani amemaliza samaki mzima na mchuzi akaukomba?"

Jumapili iliyofuata Mbizi alikuja tena, na mama yake alikuwa ameshafika. Mji ni mdogo, habari haihitaji miguu. Bibi kizee alijifunga kitenge chake kizuri, akakaa meza ya dirishani tangu asubuhi akikataa kuagiza. Mwanawe alipoketi alimwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha pale muda mrefu.

"Umekonda," alisema.

"Mama, nimekufa."

"Nani kakwambia?"

"Nilikuwepo."

Mama yake akamsogezea wali. Alimtazama akila mpaka punje ya mwisho.

Mchana huohuo mwenyekiti wa mji naye alikuwa anakula pale, kwa kuwa hakuacha kula pale hata Jumapili moja. Mama Kisu alijiambia kwamba mtu mzima akielezwa mbele za watu huona haya. Akaenda akasimama mbele ya meza yake na aproni yake ya magamba, akasema ana shauri. Mwenyekiti alifuta midomo. Alikuwa mtu wa kusikiliza wananchi popote, hata mbele ya chakula. Akamwita Mbizi, Mbizi akaja na beseni lake.

"Wewe bwana, uko hai?"

"Nimekufa, mheshimiwa."

"Ulifia wapi?"

"Hapo chini ya miguu yako."

"Kwa sababu gani?"

"Tatu hazikugongwa. Ulisema unataka kuku."

Kijiko kiligonga sahani mahali fulani, kikatulia.

"Kuku namkumbuka," alisema mwenyekiti. "Alikuwa mzuri." Kisha akamgeukia Mama Kisu kwa uso wa kumhurumia. "Sasa sikiliza, mama, na usikasirike. Maiti hatoi ushahidi. Huyu katoa ushahidi, na katoa vizuri kabisa, hakubabaika. Basi huyu si maiti. Kama si maiti, hakuna aliyekufa. Na kama hakuna aliyekufa, unamshitaki nani?"

Watu waliangaliana, wakaona kweli. Mmoja alipiga makofi. Mbizi mwenyewe alifikiri kidogo, maji yakimdondoka kidevuni, akaitikia kwa kichwa.

"Angekaa kimya je?" aliuliza Mama Kisu.

"Angekaa kimya," alisema mwenyekiti, "tungejuaje ana malalamiko?"

Mama Kisu na mamamkwe walipokuwa wakirudi nyumbani, bibi kizee alisimama katikati ya njia.

"Ni maiti," alisema. "Nimemzaa mimi. Baridi ya homa naijua, na ile siyo."

"Basi lia, Mama," alisema Mama Kisu. "Anza wewe. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Wakikuona wewe umelia, nani ataendelea kusema yuko hai? Tajiri atagonga apende asipende."

"Nikilia mtamfukia."

"Si ndivyo anavyotaka mwenyewe?"

"Na Jumapili nitakwenda kumwona wapi?" aliuliza bibi kizee, na machozi yakamtoka bila sauti, ya aina ambayo majirani hawahesabu kuwa ni kilio. "Kaburi halili wali, mwanangu. Niachie huyu anayekula."

Mama Kisu alikuwa na maneno mengi makali ya kumjibu, yote amekwisha kuyanoa. Akamshika mkono, wakavuka njia.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tajiri alilisema hilo kwa kucheka Jumapili ya tatu, huku ameweka kiti chake karibu na cha Mbizi. Mzamiaji mpya aliyeshika nafasi ya Mbizi alikuwa ameacha kazi kwa maumivu ya masikio, na hata alipokuwepo alikuwa akitoka nje kama chura, Tajiri hajapata kugonga tatu hata mara moja.

"Umekula kwangu, sikukuuliza kitu," alisema Tajiri. "Wala sikuulizi. Lakini si wewe mwenyewe unayesema uko kazini?"

"Niko kazini," alisema Mbizi.

"Haya. Na unasema hujasikia tatu."

"Sijazisikia."

"Mimi sikulazimishi, ndugu yangu. Maneno ni yako."

Mbizi alitafuta kosa katika maneno hayo, hakuliona. Alifuta mdomo, akamrudishia mhudumu beseni, akashuka. Mama Kisu alisimama juu ya mfuniko na kisu mkononi, amezuia njia. Mumewe alimwomba radhi, akamshika mabega kwa ile mikono ya maji, akamsogeza kando kama mtu anayesogeza kiti cha mtoto. Alama za mikono yake zilibaki kwenye gauni mpaka jioni.

Tangu hapo hoteli haikupata kuwa tupu. Zamani mteja alilazimika kuamua kabla mtu hajaishiwa pumzi, na ile haraka iliwaharibia wengi hamu ya kula. Sasa anaweza kusimama juu ya kioo atakavyo. Akina baba huwabeba watoto wao nao wachague, mtoto anyooshe kidole hapa, anyooshe pale, na fimbo inafuata. Wapo wanaokunywa soda nzima wamesimama palepale. Mbizi hakamati vibaya, haulizi, hatoki. Tajiri aliondoa kabisa ile tatu, kwa kuwa haina kazi tena: akigonga moja akanyamaza, samaki apelekwe jikoni. Kwenye bango aliongeza maneno, "Chagua Mpaka Uridhike." Hoteli za jirani zimeanza kulalamika kwamba ushindani huu si wa haki. Inasemekana mwenye hoteli ya pili naye anatafuta mzamiaji wa namna hiyo, na haonekani kuwa na wasiwasi kwamba atamkosa.

Mbizi juu hapandi tena, hata kula. Meza ya dirishani imerudishiwa wateja. Mamamkwe huja bado kila Jumapili na kitenge chake, husimama pembezoni mwa kioo akiinama, na Tajiri, ambaye hana roho mbaya, amewaambia wahudumu wasimfukuze mpaka wateja wawe wengi.

Mama Kisu bado anapaa samaki. Mfuniko siku hizi huachwa wazi, na kutoka majini hutokeza mkono mmoja hadi kiwiko, umeshika samaki. Anampokea. Mkono unazama. Hakuna neno la kuchekesha. Kila siku, kabla ya kufunga aproni, humwambia Tajiri, "Gonga tatu," kama wengine wanavyosema shikamoo, na Tajiri hujibu, "Kesho, mama," naye kama anayesema marahaba.

Jumapili iliyopita mkono ulitokeza na kambare mnene. Mama Kisu hakumpokea kambare. Aliushika mkono. Ulikuwa baridi, na samaki alijinyonganyonga katikati yao. Vidole vya Mbizi vilipapasa kiganja cha mkewe pole pole, vikayapitia makovu ya kisu moja moja, lile la kidole gumba, lile refu la pembeni, vikayatambua. Kisha vikambana. Samaki akaanguka juu ya mbao, akarukaruka, na mpishi akaendelea kukoroga sufuria yake, amewapa mgongo.

Mama Kisu alivuta. Aliegemeza miguu kwenye ukingo wa shimo, akavuta kwa nguvu zake zote, na akahisi kuwa kule chini naye anajivuta. Akaona nywele. Akaona paji la uso, na macho yaliyofunguka yakimtazama chini ya maji, na katika macho hayo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, hapakuwa na kazi.

"Aa, siyo huyo, bwana," ilisikika sauti ya mwenyekiti kutoka ukumbini. "Yule pale."

Fimbo ikagonga mara mbili.

Mbizi, ambaye hakuwahi kukosea kazi, akaachia.